Lon Chaney: kalelewa na wazazi viziwi, akatawala sinema zisizo na sauti. Ni malezi, jukwaa au mateso?

#1 TaaYaChemli

Wakuu, salaam.

Wiki nzima nimekesha na sinema za zamani, zile za kabla sauti haijaingia, na kuna mtu mmoja hanitoki kichwani. Lon Chaney, Mmarekani, mzaliwa wa Colorado Springs, tarehe 1 Aprili 1883. Baba kiziwi, kazi yake kinyozi. Mama kiziwi. Babu mzaa mama ndiye aliyeanzisha shule ya viziwi ya Colorado mwaka 1874, na wazazi wake walikutana hapohapo shuleni. Baadaye mama akashikwa na baridi yabisi, akawa wa kitandani. Mtoto akaachishwa shule darasa la nne akae na mama. Akitoka mtaani anarudi kumwigizia: nani kapita, nani kagombana na nani, mwenye duka leo anatembeaje.

Mtu huyohuyo ndiye aliyekuja kutamba kwenye sinema ambazo hakuna aliyesikika akisema neno. Hoja yangu ni moja: yule kuigiza alijifunzia pembeni mwa kitanda cha mama yake. Mekapu, kibiongo, sura za kutisha, hayo yote yalikuja juu ya msingi ambao tayari ulikuwepo.

Na kumbukeni hakuwa steringi wa kuvutia wasichana. Sura yake ya kawaida ilikuwa ya fundi seremala tu. Watu walipanga foleni kumwona akiwa mwizi, kikongwe, kiwete, mchekeshaji anayelia. Mnasemaje?

#2 Kandambili

Nimekaa siti ya mbele. Kumbe wazazi wake walikuwa mabubu? Halafu huyu si ndiye yule aliyekuwa anageuka mbwa mwitu?

#3 TaaYaChemli

Hapana mkuu, yule wa mbwa mwitu ni mwanawe, Creighton. Alizaliwa Februari 1906 Oklahoma City, wazazi wakiwa kwenye maisha ya kuzunguka na makundi ya maigizo. Baba hakutaka kabisa aigize. Alipokufa baba, kijana akaingia kwenye sinema, na mwaka 1935 akachukua jina la Lon Chaney Jr. The Wolf Man ni ya 1941. Baba alishazikwa miaka 11 nyuma.

#4 FundiMaleba

Mleta uzi, umeanza vizuri ila umeruka miaka kumi ya mtu kana kwamba haikuwepo.

Chaney alianza kama kijana wa kubeba vifaa kwenye ukumbi wa maigizo wa mji wao. Mwaka 1902 akapanda jukwaani. Kuanzia hapo ni treni na masanduku: makundi ya vichekesho vya muziki, leo mji huu kesho ule. Kwenye kundi la namna ile huwi mwigizaji tu. Unacheza, unaimba, unafundisha wengine hatua za ngoma, unagongomea misumari ya jukwaa, na usiku mmoja unatoka kama watu watatu tofauti. Hapo ndipo mtu anajifunza kubadili uso kwa dakika tano.

Halafu akaingia studio ya sinema ya Universal, miaka ya 1913 mpaka 1917. Akapiga sinema zaidi ya mia moja pale, nyingi fupifupi. Asubuhi watu wamejipanga wanasubiri kuchaguliwa. Mwenye sanduku la mekapu anajua kwamba wakitaka mzee, yeye ni mzee. Wakitaka jambazi, yeye ni jambazi. Lile sanduku ndilo lililomlisha, na mpaka leo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Los Angeles.

Nasema hili kwa sababu nimepita njia hiyo kwa kiasi changu. Nilisoma sanaa Bagamoyo, nikacheza bibi kizee misimu mitatu mfululizo. Mwezi wa kwanza nilikuwa naigiza mgongo tu. Mwaka wa pili ndipo nikajua uzee unaanzia kwenye jinsi unavyofikiria kabla ya kunyanyuka kwenye kiti. Mama yangu anasikia vizuri na hajawahi kuugua. Ni kurudia, kurudia, kurudia.

#5 MtotoWaViziwi

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu.

Kwanza #2, naomba tusiseme bubu. Kiziwi ana lugha. Wazazi wangu wote wawili ni viziwi, nimekulia Lushoto, na nyumbani kwetu kulikuwa na maneno mengi kuliko kwa jirani.

Nilikuwa mkalimani nikiwa na miaka sita. Zahanati, sokoni, kikao cha wazazi shuleni ambako mwalimu ananisema mimi na mimi ndiye ninayepeleka maneno kwa mama. Kwenye lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi zikipanda, sentensi imekuwa swali. Mashavu, mdomo, mabega, vyote vinabeba maana. Mtu akinyamaza usoni ni sawa na wewe uongee bila irabu.

Kwa hiyo nikimwangalia Chaney namsoma kirahisi sana. Mkono wake hauanzi kabla ya jicho. Jicho linaamua, kisha bega, kisha mkono. Waigizaji wengi wa wakati ule walikuwa wanapunga tu, kama mtu anayefukuza kuku.

Lakini mleta uzi, sikubaliani na wewe moja kwa moja. Nina kaka wawili, wazazi walewale, na hakuna anayeweza kuigiza hata kupiga chafya. Kitu ambacho watoto wa viziwi tunakipata wote ni kingine: unakua ukiona watu wanavyowatazama wazazi wako. Unajua ule mtazamo kabla hujajua kusoma. Nadhani kibiongo wa Notre-Dame, yule mpiga kengele wa kanisa aliyemwigiza, alitoka huko, kwenye kumbukumbu ya macho ya watu. Na yule mhusika mwenyewe ni kiziwi, kengele zimemwua masikio.

#6 TaaYaChemli

#5 karibu sana, na asante. Hilo la mwisho sikuliwaza kabisa.

#7 JichoLaTatu

Mnazunguka mbuyu. Siri ya Chaney ni maumivu. Kwenye The Hunchback of Notre Dame ya 1923 alibeba nundu ya mpira ya ratili 70, hiyo ni kama kilo 32. Kwenye The Phantom of the Opera ya 1925 alitia nyaya puani mpaka damu. Kwenye The Road to Mandalay ya 1926 akaweka utando wa yai jichoni aonekane kipofu. Mtu anayejitesa hivyo haigizi, anaumia kweli, na kamera inaona.

#8 FundiMaleba

Chai hiyo, mkuu. Nusu chai, tuseme.

Nundu ya ratili 70 ni maneno ya matangazo ya studio. Michael F. Blake, ambaye mwenyewe ni mtaalamu wa mekapu na ameandika vitabu kuhusu Chaney, anasema ilikuwa ya plasta na haikuzidi ratili 20. Jaribu kuruka juu ya sanamu za kanisa na kilo 32 mgongoni uone. Jicho lilikuwa ganda jembamba la kioo, kazi ya fundi wa macho, wala si yai. Nyaya puani, hapo nakupa, wapo waliosimulia hivyo, lakini pua kuinuka vile inawezekana pia kwa ukanda wa ngozi ya samaki na gundi.

Palipo na maumivu ya kweli ni The Penalty ya 1920. Alikunja miguu nyuma, akaifunga kwa mikanda ya ngozi, magoti akayatia kwenye vikopo, akatembea na magongo kama mtu aliyekatwa miguu. Damu haishuki, hawezi kukaa vile muda mrefu, inabidi afunguliwe na kukandwa.

Ila fikiria: ukiwa na maumivu kiasi hicho halafu uso wako unatakiwa uonyeshe dharau, hayo maumivu ni kikwazo. Unaigiza licha ya maumivu. Na huyu bwana aliheshimika kwenye fani mpaka Encyclopaedia Britannica toleo la 14, la 1929, makala ya mekapu aliandika yeye.

#9 BaiskeliYaMagurudumuMatatu

Naomba niseme kama mtu ambaye mikanda yangu haifunguliwi jioni.

The Penalty nimeiona mara mbili. Mtoto anakatwa miguu kwa kosa la daktari, anakua anakuwa bosi wa majambazi. Nilipenda kitu kimoja: Chaney hakuomba huruma. Yule mtu ana hasira, ana akili, anapanda ukutani akitumia mikono tu, anaamrisha wenye miguu. Sinema nyingi, za kwao na za kwetu, mlemavu yuko pale ili mtu mwema aonekane mwema.

Lakini hesabuni miisho. Karibu kila mara mlemavu wa Chaney anakufa au anampisha mtu mzima amchukue msichana. Na kwenye The Unknown ya 1927, ile ya mtu asiye na mikono anayerusha visu kwa miguu, miguu inayofanya kazi ngumu ni ya mtu mwingine, mtu ambaye kweli hakuwa na mikono. Uso tuliouona ni wa Chaney. Yule mwingine alikuwa fundi wa kiwango gani, na alibaki nje ya picha.

Sisemi Chaney alikosa. Nasema tukisifu, tusifu na hilo tukiwa tunalijua.

#10 Kandambili

#9 umenigusa mkuu. Na #5 nimekuelewa, sirudii lile neno.

#11 BiMkubwaWaNgambo

Asalaam aleikum. Mie nastaajabu mmefika bandiko la kumi hamjaitaja West of Zanzibar. Ya 1928, mtengenezaji Tod Browning, steringi huyohuyo Chaney wenu.

Nimeitazama na wajukuu. Mwanamazingaombwe wa Kizungu anaporwa mke na mfanyabiashara wa pembe, katika purukushani anaanguka, miguu inapooza. Anakuja Afrika kulipiza. Anajitambaza chini, anawatawala watu weusi kwa mazingaombwe yake ya jukwaani, na binti anayemdhania wa adui yake anamlea katika danguro la hapa kwetu Zanzibar amharibu. Eti na kabila la huko bara lina mila: mume akifa, mke au binti anachomwa moto pamoja naye!

Wallahi, mila ya wapi hiyo? Mie ni mtu wa Ng'ambo, mama yangu Mmanyema, sijaisikia kwa mtu yeyote. Kuchoma mjane ni habari za Bara Hindi za zamani, wameichukua wakatubandika sisi.

#12 MsafiriMvita

Shikamoo Bi Mkubwa. Ukitoka Unguja ukaelekea magharibi si unafika Bagamoyo? FundiMaleba, mlikuwa mnachoma wajane hapo chuoni na hamtuambii?

#13 FundiMaleba

Hahaha! Tulichoma mihogo tu.

#14 Kandambili

Lakini hiyo sinema si ilipigwa hukuhuku? Babu alikuwa anasimulia walivyokuja Wazungu na kamera, wakapiga picha majahazi.

#15 MsafiriMvita

Hiyo ni nyingine, jina moja. West of Zanzibar ya 1954 ni ya Waingereza, mwongozaji Harry Watt, inahusu magendo ya pembe, na ilipigwa kweli Afrika Mashariki. Babu yako hakukosea. Ya Chaney ilipigwa studio California. Yeye hakuwahi kukanyaga mchanga wetu hata kidogo.

Na ule mtindo wa kutuchora washenzi ulikuwa wa wakati wote. Mwaka 1935 Waingereza walitoa Sanders of the River, ndani yumo Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, na kati ya watu waliosimama nyuma kama wanakijiji yumo Jomo Kenyatta, enzi hizo akiishi London. Robeson baadaye aliikana ile sinema.

#16 KijanaWaKamalondo

Nasoma toka Lubumbashi. Bi Mkubwa, hiyo hadithi asili yake ni mchezo wa jukwaani, jina lake Kongo, New York 1926. Aliyecheza kiwete kule jukwaani ni Walter Huston. Ilipokuja sinema, nafasi akapewa Chaney na jina likahamia Zanzibar. Mwaka 1932, Chaney akiwa amekufa, wakaitengeneza tena kwa jina la Kongo, na safari hii Huston akarudishiwa kiti chake. Kwa hiyo mzigo wa uongo tunagawana, ninyi kidogo na sisi kidogo.

Hii inatia nguvu upande wa FundiMaleba. Kama mhusika mmoja anaweza kuchezwa na wawili, wote watoto wa jukwaa, na wote wakawa wazuri, basi jukwaa ndilo mzazi.

#17 TaaYaChemli

#16 hapana, hebu tazama zote mbili ulinganishe sehemu moja. Huston ana sauti, anaitumia, ni mkali kweli. Chaney hana.

Ni pale anapomfunulia adui yake, Crane (Lionel Barrymore), kwamba yule binti aliyeharibiwa ni damu yako wewe. Crane badala ya kulia anacheka. Anamwambia yule binti ni wako mwenyewe, mkeo hakuwahi kuondoka na mimi. Chaney yuko chini sakafuni. Bado ana tabasamu la mtu aliyeshinda. Tabasamu haliondoki mara moja. Linabaki mdomoni wakati macho tayari yameshajua. Kwa muda unaona watu wawili kwenye uso mmoja, mmoja anafurahi na mwingine ameshakufa. Halafu mdomo ndio unafuata.

Bi Mkubwa, kuhusu mila za uongo uko sahihi kabisa na sina la kuitetea sinema. Nilirudia sehemu ile mara sita.

#18 BiMkubwaWaNgambo

Hapo pa uso hata mie nilinyamaza. Mjukuu wangu aliuliza, bibi, kwani kasema nini? Nikamwambia hakusema kitu.

#19 JichoLaTatu

Sawa, nundu nimekubali. Lakini maumivu si ya mwili tu. Mke wake wa kwanza, Cleva, alikuwa mwimbaji. Aprili 1913 alikunywa sumu ya zebaki ndani ya ukumbi wa Majestic, Los Angeles, alipokuwa akifanya kazi Chaney. Alipona ila sauti ya kuimba ikaharibika. Ndoa ikavunjika. Tazama wahusika wake: anayependa hapendwi, anayesaliti ni mke. Tazama He Who Gets Slapped ya 1924, tazama Laugh, Clown, Laugh ya 1928. Huyo ni mtu anayejisimulia.

#20 FundiMaleba

Tukio lile lilifanya kitu cha wazi zaidi: kashfa ilimfungia milango ya kumbi za maigizo, ndiyo akaenda kutafuta kibarua kwenye sinema, ambazo wakati ule watu wa jukwaani walizidharau. Bila ile sumu huenda angebaki na vichekesho vya muziki maisha yake yote. Ila hadithi za wahusika wake waliandika wengine, na kumi kati ya sinema zake aliziongoza Browning, mtu aliyetoka kwenye sarakasi na maonyesho ya mitaani, anayependa viungo vilivyokatika na visasi. Ukitaka kujua maumivu ni ya nani, anza na Browning.

#21 Stethoskopu

Mimi ni mtu wa wodini, niseme la kifo maana najua litakuja na chai yake.

Kuna hadithi inazunguka kwamba aliuawa na konfleksi. Kwamba kwenye Thunder ya 1929, sinema ya treni, theluji bandia ilitengenezwa kwa konfleksi, kipande kikakwama kooni kikaleta saratani. Saratani haiji hivyo. Aliugua mapafu wakati wa ile sinema, hilo ni kweli. Mwishoni mwa 1929 akagundulika na saratani ya mapafu, na alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Alikufa 26 Agosti 1930 kwa kuvuja damu kooni. Miaka 47.

Siku za mwisho hakuweza kuongea. Wanaosimulia wanasema alirudi kutumia mikono, lugha ya nyumbani kwao.

#22 Kandambili

Duh.

#23 MsafiriMvita

Na wiki chache kabla ndipo ilitoka sinema yake pekee yenye sauti, The Unholy Three, toleo la 1930. Ile hadithi alishaicheza bila sauti mwaka 1925: mwigizaji wa sauti za midoli anayejifanya bibi kizee muuza kasuku. Safari hii alitoa sauti tano tofauti, na studio ikamfanya ale kiapo mbele ya mwanasheria kwamba zote ni zake. Kwa hiyo tusiseme alikuwa mtu wa kimya tu. Sauti alikuwa nayo, na ilitoka jukwaani. FundiMaleba, chukua pointi.

#24 KijanaWaKamalondo

Nje ya mada kidogo: nimesoma nyumba yake ya mapumziko ya mawe, kule milima ya Sierra Nevada, ilichorwa na Paul Williams, msanifu majengo mweusi. Miaka hiyo! Alikuwa mtu wa kujificha, hapendi sherehe, anapenda kuvua samaki.

#25 TaaYaChemli

Sikujua hilo, asante. Kinachoniuma ni zilizopotea. Nyingi za Universal hazipo. The Miracle Man ya 1919, iliyomtoa, vimebaki vipande tu; bahati nzuri kimebaki kile ambacho kiwete wa uongo anajikunjua mwili mbele ya umati. London After Midnight ya 1927, nakala ya mwisho iliungua kwenye ghala la studio ya MGM mwaka 1965. Tunabishana juu ya mtu ambaye zaidi ya nusu ya kazi yake hatutaiona.

#26 MtotoWaViziwi

Nimerudi. Jumapili nilikuwa Lushoto, nikamwekea mama The Phantom of the Opera kwenye simu. Ana miaka 71. Sikumwambia chochote kuhusu wazazi wa Chaney, nilitaka nione.

Pale barakoa inapovuliwa hakushtuka. Alicheka, akasema kwa mikono: huyu kajipaka. Lakini kabla ya hapo, wakati bado ana barakoa, uso hauonekani kabisa na ni mkono tu unaonyooka kumwita yule msichana, mama alinigonga begani nisimamishe. Akaurudia ule mkono mwenyewe, polepole, na vidole vilevile. Akaniuliza: huyu ni mtoto wa nani?

Nikamwambia. Akaniomba nianze upya toka mwanzo, na hakuniruhusu nimsomee maandishi.

FundiMaleba, kabla hujasema: nakubali kwamba mama yangu si ushahidi. Baba alitazama dakika kumi akaenda kulisha ng'ombe.

#27 FundiMaleba

Sisemi kitu, dada. Ila uliza mkono ule ni upi, wa kulia au wa kushoto. Nataka kwenda kuutazama.

#28 BaiskeliYaMagurudumuMatatu

Na mimi nataka. Ni dakika ya ngapi?